Picha ya Anga ni Hesabu ya Fotoni: Rangi Zinatoka Wapi, na Uhai Unatafutwa Wapi

Ukiitazama kwa makini ile picha mashuhuri ya Nguzo za Uumbaji, yaani nguzo za gesi na vumbi angani, iliyopigwa na darubini ya Hubble tarehe 1 Aprili 1995, utaona kona yake ya juu kulia imekatwa kama ngazi. Wapo wanaodhani ni urembo wa mchapaji, na wapo wanaoapa kwamba kuna kitu kimefichwa pale. Hakuna kilichofichwa. Kamera iliyotumika, WFPC2, ilikuwa na vinasa mwanga vinne vilivyokaa pamoja, na kimoja kilikuwa kinakuza kuliko vitatu vingine. Picha yake ikipunguzwa ili ilingane na za wenzake inakuwa kijipicha kidogo, na nafasi inayobaki wazi ndiyo ile ngazi nyeusi. Picha nzima imeungwa kutokana na picha 32.

Kwa hiyo hakuna aliyebonyeza kitufe mara moja Nguzo zikatokea na rangi zao. Kinasa mwanga cha darubini hakijui rangi. Kila pikseli inahesabu fotoni, yaani chembe za mwanga, zilizoiangukia wakati kamera iko wazi, halafu inatoa namba. Namba kubwa ni mwanga mwingi, ndogo ni giza, basi. Mengine yote yanayokufanya uache kazi ukodolee simu hufanywa na binadamu baadaye, kwa kanuni zinazoweza kukaguliwa. Na habari za uhai kwenye sayari za mbali zinatoka kwenye hesabu hiyohiyo, ila huko hakuna nguzo wala wingu la dhahabu. Kuna mstari wa grafu uliopindapinda, na mabishano makali juu ya kila kilima na bonde lake.

Kijani cha haidrojeni

Ili kupata rangi, kamera huwekewa kichujio kinachopitisha kipande kidogo tu cha mwanga, ikahesabu. Kisha kichujio kingine, ikahesabu tena. Nguzo za 1995 zilitumia vichujio vitatu: cha oksijeni iliyopoteza elektroni mbili, kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 502 hivi, cha haidrojeni, nanomita 656, na cha salfa, nanomita 673. Oksijeni ikapewa buluu, haidrojeni kijani, salfa nyekundu.

Hapo ndipo watu hukasirika: haidrojeni si kijani! Kweli si kijani. Kwa jicho la mtu mwanga ule ni mwekundu, na wa salfa ni mwekundu vilevile, vimepishana kidogo mno. Ukizipa gesi hizo mbili rangi zao halisi unapata tope jekundu, na huwezi tena kujua ipi iko wapi. Kijani na nyekundu zimewekwa ili kuzitenganisha. Ramani ya shuleni hupaka nyanda za chini kijani na milima kahawia, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba kilele cha Kilimanjaro kina theluji. Jina "rangi za uongo" limeleta hasara kubwa kuliko faida. Ni rangi za ramani.

Kwa darubini ya James Webb, hata rangi halisi ya kulinganishia haipo. Yenyewe inaona mawimbi kuanzia maikromita 0.6 hadi 28 hivi (maikromita moja ni nanomita 1,000), na jicho letu linakomea karibu na 0.7. Karibu yote inayoyaona ni infraredi, jamaa wa joto linalokupiga usoni ukikaa karibu na jiko la mkaa. Kanuni inayofuatwa ni ya mpangilio: wimbi fupi zaidi lipewe buluu, refu zaidi nyekundu, ya kati yakae katikati. Chukua besi nzito isiyosikika, uipandishe mpaka masikio yaifikie: noti zote zimebadilika, lakini ipi iko juu ya ipi haijabadilika.

Webb ilipozipiga Nguzo hizohizo mwaka 2022, zilizokuwa kama miamba mizito kwenye picha ya Hubble zikaonekana kama moshi, na ndani yake nyota tele. Vumbi halikuondoka. Chembe za vumbi huzuia na kutawanya mawimbi mafupi kuliko marefu, kwa sababu ileile inayofanya jua la machweo liwe jekundu, hivyo infraredi inapenya mahali ambapo mwanga wa kawaida unakwama. Nguzo ziko umbali wa miaka nuru 6,500 hivi, na ile ndefu zaidi ina urefu wa takriban miaka nuru 4. Ni sawa na kutoka hapa hadi karibu na nyota jirani yetu ya kwanza, na yote hiyo ni nguzo moja.

Kuitengeneza mwenyewe

Data za Hubble na Webb ziko kwenye ghala liitwalo MAST, lililoko Baltimore, Marekani, na yeyote mwenye intaneti anazipakua bure. Nyingine hufungiwa kwanza kwa watafiti walioziomba, kwa kawaida si zaidi ya mwaka mmoja, kisha zinakuwa za wote.

Tafuta M16, jina la orodha la wingu zilimo Nguzo, chagua JWST, yaani Webb, kisha NIRCam, mojawapo ya kamera zake, kisha daraja la 3 la uchakataji. Faili unalolitaka linaishia na _i2d.fits. Usipakue kifurushi kizima: kimejaa mafaili ya hatua za mwanzo yatakayokumalizia bando bila faida. Chukua matatu tu, F090W, F200W na F444W. Namba hizo ni urefu wa wimbi: maikromita 0.90, 2.00 na 4.44. Hata hayo matatu ni mazito, kwa hiyo yafungue kwenye kompyuta, si kwenye simu. Programu ya Siril ni ya bure na inatosha.

Faili la FITS lina tabaka kadhaa. Picha yenyewe ni tabaka la SCI. La ERR ni makadirio ya makosa ya kila pikseli, na ukilifungua kwa bahati mbaya utapata kitu kinachofanana na picha lakini chenye sura ya ajabu. Ukishafungua SCI, utaona giza tupu na vidoa vyeupe vichache. Wanaoanza hudhani faili limeharibika. Halijaharibika. Nyota angavu inaweza kuwa na namba kubwa kuliko wingu maelfu ya mara, na skrini ya kawaida ina ngazi 256 tu za mwangaza kwa kila rangi. Ngazi hizo zikigawanywa sawasawa, nyota zinachukua karibu zote na wingu zima linabanwa kwenye mbili tatu za chini.

Dawa yake ni kuinyoosha picha, yaani kuzipa namba ndogo nafasi kubwa na namba kubwa nafasi ndogo, kwa logarithimu au kwa kanuni iitwayo asinh. Weka pointi ya weusi, yaani kiwango ambacho chini yake kila kitu huchorwa cheusi, chini kidogo ya mwanga wa anga tupu. Ukiipandisha ili anga liwe jeusi tii, utakuwa umeua vumbi lote hafifu, na hilo ndilo kosa linaloharibu picha nyingi za wanaojifunza. Nyoosha kila kichujio peke yake, kidogo kidogo, mpaka wingu lijitokeze, na uache kabla nyota hazijaanza kuvimba.

Kabla ya kuunganisha kuna mtego. Upande wa mawimbi mafupi wa NIRCam una pikseli za sekunde ya tao 0.031 (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii moja ya pembe), upande wa mawimbi marefu ni 0.063. Kwa hiyo picha ya F444W inakuja na upana kama nusu ya zile nyingine mbili. Ifanye F200W kuwa rejea, uiambie programu ioanishe picha zote kwa kufuata nyota, ndipo F090W uipe buluu, F200W kijani, F444W nyekundu. Ukiruka hatua hii kila nyota itakuwa na kivuli chekundu ubavuni, kama gazeti lililochapwa vibaya.

Ukimaliza utaona nyota angavu zina tundu jeusi katikati. Si lile shimo jeusi la wanafizikia. Pikseli hizo zilijaa fotoni zikapita kiwango chake, mfumo ukazitia alama kwamba hazina namba ya kuaminika, na programu ikazichora kama sifuri. Watengenezaji wa picha za kutangazwa hulijaza tundu hilo kwa mwanga wa pembeni yake. Hapa mkono wa mtu umeingia kweli.

Miale inayotoka kwenye nyota nayo ni ya darubini, haiko angani. Kioo cha Webb chenye upana wa mita 6.5 kimeundwa kwa vipande 18 vya pembe sita, na kingo zake pamoja na nguzo zinazoshikilia kioo kidogo cha mbele huutawanya mwanga kuwa miale sita mikubwa na miwili midogo ya mlalo. Hubble hutoa minne. Ukikutana na picha isiyo na maelezo, hesabu miale na utajua imetoka wapi. Tena utajua nyota ni ipi na galaksi ni ipi, kwa kuwa miale hutokea kwenye vitu vilivyo kama nukta. Galaksi imetandaa, haina miale, labda iwe na kiini kikali mno.

Upana wa pikseli moja

Sasa swali linaloulizwa chini ya kila picha ya namna hii: mbona hawatuonyeshi viumbe? Tupige hesabu. Chukua Dunia, uiweke kando ya Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua, umbali wa miaka nuru 4.2. Upana wa Dunia ungekuwa kama sehemu moja ya 470 ya pikseli moja ya NIRCam. Bahari zote, mabara yote na miji yote ingeingia ndani ya pikseli moja na kuacha nafasi kubwa, tena pikseli yenyewe imezama kwenye mwanga wa nyota. Kwa hiyo picha yoyote uliyoiona ya fukwe na mawingu ya sayari ya nyota nyingine ni mchoro wa msanii. Mashirika huandika hivyo kwenye maelezo. Wanaozisambaza ndio wanaokata maelezo.

Hata karibu na nyumbani picha hudanganya ikiwa pikseli ni kubwa. Mwaka 1976 chombo cha Viking 1 kilipiga eneo la Cydonia kwenye Mirihi, na kilima kimoja kikaonekana kama uso wa mtu. Kila pikseli ilifunika mita 43 hivi za ardhi, jua lilikuwa chini na vivuli virefu, na vidoa vyeusi vya data iliyopotea njiani vimetapakaa pichani. Kimoja kikaangukia pale pale tundu la pua lingekuwa. Mwaka 2001 Mars Global Surveyor ikakipiga tena kwa mita 1.56 kwa pikseli. Kilima cha kawaida, kimeliwa na upepo.

Mwanga hauhitaji kuwa picha ili kusema jambo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, satelaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kujengwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei ya angani, na haikuwa na kamera. Ilijizungusha taratibu, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, ikihesabu tu fotoni za eksirei kila zilipoingia. Kwa kuangalia hesabu ilipanda inapoelekea wapi, watafiti waliorodhesha vyanzo 339. Wanaotafuta uhai leo wanafanya kazi ya ukoo huo.

Pete ya hewa

Njia yao kuu ni hii. Sayari inapopita mbele ya nyota yake, inazuia sehemu ya mwanga. Dunia ikipita mbele ya Jua inazuia sehemu 84 tu katika milioni moja. K2-18b, sayari iliyoko miaka nuru 124 kutoka hapa, yenye upana mara 2.6 wa Dunia na nyota ndogo nyekundu, inazuia karibu sehemu 3 katika elfu. Kama sayari ina hewa, mwanga kidogo unapenya kwenye pete nyembamba ya hewa hiyo, na kila gesi inameza mawimbi yake. Kaboni dayoksaidi humeza sana karibu na maikromita 4.3, kwenye wimbi hilo sayari inaonekana nene kidogo, kwa sababu pete imeziba. Pima unene wa sayari kwenye kila wimbi, uchore grafu: hiyo ndiyo spektra, na humo ndimo uhai unamotafutwa.

Ugumu uko kwenye hesabu. Matone ya mvua kwenye bati, hata mvua ikinyesha sawasawa, sekunde hii ni 100, ijayo 92, ijayo 109. Fotoni nazo ni hivyo: ukihesabu N, kosa la asili ni kipeuo cha pili cha N. Ukihesabu 100 umekosea kama 10. Ukitaka kupima badiliko la sehemu moja katika 100,000 unahitaji fotoni bilioni 10. Nyota hafifu haitoi hizo kwa mpito mmoja, na K2-18b hupita mara moja tu kila siku 33. Isitoshe Webb haiwezi kugeuzia kioo chake upande wa Jua, hivyo nyota hiyo huitazama miezi kadhaa tu ya mwaka. Wanaouliza mbona majibu yanachelewa, jibu ni kalenda.

K2-18b yenyewe imetoa mafunzo mawili. Mwaka 2019 data za Hubble zilisomwa kuwa na mvuke wa maji, kutokana na kilima karibu na maikromita 1.4. Magazeti yakaandika sayari yenye maji. Mwaka 2023 Webb, inayopima eneo pana zaidi la mawimbi, ikaona methani na kaboni dayoksaidi, na mvuke wa maji haukuonekana. Methani nayo humeza karibu na 1.4. Hubble ilikuwa inatazama kupitia dirisha dogo, na gesi mbili zilikuwa na sura moja dirishani.

Kisha Aprili 2025, kundi la Nikku Madhusudhan wa Chuo Kikuu cha Cambridge likatangaza dalili za dimethili salfaidi, au ndugu yake wa karibu, kwenye hewa ya sayari hiyo. Unaifahamu gesi hiyo hata kama hujui jina lake: imo ndani ya ile harufu ya bahari. Hapa duniani hutokana hasa na vijimea vidogo mno vinavyoelea majini. Kipimo chao kilifikia sigma tatu, maana yake kama gesi haipo kabisa, kelele peke yake, yaani yale mabadiliko ya bahati ya hesabu, ingeleta alama ya namna hiyo mara 3 hivi katika majaribio 1,000. Inasikika kama ushahidi mzito, lakini desturi ya fani hii ni sigma tano, chini ya mara moja katika milioni, kwa sababu mtu anayejaribu gesi nyingi juu ya mstari wenye kelele hakosi kupata moja inayokaa. Makundi mengine yaliichakata data ileile na kuona kwamba mstari mnyoofu, au gesi nyingine, zinaweza kukaa vizuri vilevile. Halafu gesi yenyewe imekutwa kwenye data za kimondo-mkia 67P, barafu na vumbi, ambako hakuna anayedai kuna bahari.

Zuhura ilikwisha pitia hayo. Septemba 2020 ilitangazwa fosfini, gesi ambayo hapa duniani huhusishwa na viumbe, kwenye mawingu yake, kwa kiasi cha sehemu 20 katika bilioni. Baadaye ikagundulika kwamba urekebishaji wa data za darubini ya ALMA ulikuwa na kosa. Ulipotengenezwa, kiasi kikashuka hadi sehemu chache tu katika bilioni. Wakosoaji wakaonyesha tatizo la pili: kelele ya nyuma ilikuwa imeondolewa kwa polinomia ya digrii 12. Mkunjo wenye uhuru kiasi hicho unaweza kufuata kelele yenyewe, na ukiutoa unaacha bonde ambalo halikuwepo. Waliotoa dai hawakuacha. Wanaendelea kupima, na ubishi haujafungwa.

Kwenye Mirihi hali ni bora kidogo kwa sababu mwamba unaweza kushikwa. Julai 2024 roboti ya Perseverance ilikuta jiwe lililopewa jina Cheyava Falls, lenye vidoa ambavyo wanasayansi waliviita madoa ya chui: katikati peupe, ukingo mweusi wenye chuma na fosforasi. Hapa duniani madini ya namna hiyo mara nyingi huachwa na bakteria, ingawa yanaweza kutokea bila wao. Kipande kimetobolewa na kufungiwa ndani ya mrija, na kitabaki huko mpaka patikane chombo cha kukileta.

Tatizo gumu kuliko yote, kwa maoni ya wengi walio kazini, ni nyota yenyewe. TRAPPIST-1 iko miaka nuru 40, ina sayari saba zenye ukubwa unaokaribia wa Dunia, na ya nne kwa mpangilio, e, ingefaa kuwa na maji ya kimiminika kama ingekuwa na hewa. Lakini TRAPPIST-1 ni nyota ndogo yenye madoa, baridi kiasi kwamba mvuke wa maji unaweza kuwemo kwenye nyota hiyo. Sayari ikipita upande usio na madoa, mwanga unaobaki unakuwa na alama za madoa, na kwenye grafu zinafanana na hewa ya sayari. Mipito minne ya kwanza ya e iliyotangazwa 2025 haikuweza kutenganisha sayari yenye hewa na jiwe tupu.

Mbinu inayotumika sasa ni ya kutumia ndugu yake. Sayari b, iliyo karibu zaidi na nyota, ilipimwa 2023 ikakutwa na joto la nyuzi 230 hivi upande wa mchana, kiwango kinachoelekeza kwamba ni mwamba usio na hewa ya maana. Kwa hiyo wanachagua nyakati ambapo b na e zinapita mbele ya nyota moja baada ya nyingine ndani ya saa chache, kabla madoa hayajazunguka mbali. Kilima chochote kitakachoonekana kwenye grafu ya b, ambayo haina hewa ya kukitengeneza, ni doa la nyota. Wanakitoa kwenye grafu ya e, kisha wanaangalia kama kuna kitu kimebaki.